Kombe Lisilo na Masikio

Zaidi ya nusu ya umri wangu nimeishi kwa kuandika orodha za vitu vya watu. Kitanda cha mninga, kimoja. Sufuria, saba, moja haina mfuniko. Redio, moja, haisemi. Mtu akifa au akihama naitwa niende na daftari langu, na ziko nyumba Mbeya ninazozifahamu kwa makabati yake kuliko kwa wenyewe. Basi majuzi Rehema, binti wa Mzee Kihwele, aliponipigia simu nikiwa kwenye banda langu la mnada pale Uyole akasema, "Shangazi, baba katutoka," nililia kwanza, tena kwa sauti, mpaka wauza viazi wa jirani wakaja kuniuliza kulikoni. Kisha nikafanya jambo ambalo mkono wangu umelizoea: nikatia daftari mkobani, nikapanda basi la Iringa. Mzee Kihwele ndiye aliyenifundisha udalali. Ameacha chumba kizima cha vitu vya mpira vya zamani, na nilijua watoto wake wataniuliza wavifanye nini.

Tulizika Jumamosi. Jumatatu, watu wa msiba wakiwa bado wamejaa uani, Rehema akanifungulia kile chumba. Niliandika kurasa tatu bila taabu: jezi, njumu, firimbi, tiketi zilizochanwa getini, picha za timu zilizotafunwa na mende. Halafu nikafika juu ya kabati, nikakuta sahani moja kubwa kupita kiasi, nyeupe, yenye ukingo wa bluu, na kalamu ikagoma. "Si uandike tu sahani, Shangazi?" Rehema akasema. Nikamwomba aniache kidogo. Sahani ile ina jina lake, na jina hilo lilinigharimu mwaka mmoja wa ujana wangu, kwa hiyo sikuwa tayari kuliandika ovyoovyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka Mbeya na cheti cha kupiga taipu na koti moja, na yaliyokuwa nyuma ya hapo si ya leo. Ofisi ya Mzee Kihwele ilikuwa chumba kimoja Miyomboni, mjini Iringa, nyuma ya duka la baiskeli, na kila mtu aliyeingia alinuka raba na grisi kabla hajasema shida yake. Kazi yangu ilikuwa kupiga orodha za minada na matangazo ya kubandika kwenye nguzo. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, Mhehe wa Kilolo, na alivaa kofia ya pama aliyoivua mara mbili tu kwa siku, wakati wa kula na wakati wa kupiga kengele ya mnada. Siku ya tatu akaniita. "Tusa, wewe mpira unaijua?" Nikasema, "Hapana, Mzee." Akafurahi kama nimemletea mbuzi. "Vizuri sana. Mtu anayejua mpira inamwonekana usoni."

Nikaelewa baadaye. Mzee alikuwa mkusanyaji wa makorokoro ya mpira, na tatizo lake lilikuwa umaarufu wake. Kwenye minada ya madalali wengine, akinyoosha mkono tu kwa jozi ya njumu zilizokauka, watu wanadhani zina dhahabu ndani, bei inapanda. Kwenye mnada wake mwenyewe hakununua kitu kamwe. Dalali hanunui anachokiuza, alisema, na sharti hilo alilibandika ukutani juu ya taipu yangu, nimelipiga mimi kwa herufi kubwa. Kwa hiyo akanitumia mimi kwenye minada ya wenzake. Msichana wa Kinyakyusa, kanga mabegani, uso hauna habari. Yeye anasimama mbali anakula karanga. Akijikuna sikio, napandisha dau. Akikohoa, naacha. Siku moja alipatwa na mafua ya kweli tukakosa jezi nne, naye hakucheka, mimi ndiye niliyecheka.

Mwaka ule tulizunguka na pikapu yake mpaka nikajua kila kona ya barabara kati ya Iringa na Mbeya. Alinifundisha kununua makabati mabovu kwa ajili ya karatasi zilizotandikwa ndani ya droo, kwa sababu zamani watu walitandika matangazo ya mechi, na chini ya vijiko vya mtu unaweza kukuta fainali nzima. Kila kitu alichokipata alikifunga kikaratasi kwa uzi wa kushonea, akaandika kwa mwandiko wake uliolala. Hakuandika bei wala mwaka. Aliandika watu. Kwenye jezi moja: "Aliyeivaa: beki wa kushoto. Aliyeishona: mke wake, ndiyo maana mkono mmoja mfupi." Kwenye firimbi: "Aliyeipuliza: refa wa Kilolo. Aliyemrushia jiwe: hajulikani." Mchana nilikuwa nakula ugali na samaki wa Mtera katikati ya vikaratasi hivyo, nikavipenda kabla sijaupenda mpira wenyewe.

Kitu kimoja tu hakuwa nacho, na habari zake nilizisikia kila siku ukuta ukiwa mwembamba, akimsimulia mwenye duka la baiskeli kana kwamba hajawahi kumsimulia. Ujana wake alikuwa winga wa Nyota ya Mshindo. Walifika fainali dhidi ya Chui wa Uyole, kule Uyole, na wakashinda kwa bao lake. Wachezaji wenyewe walikuwa wamechanga ili linunuliwe kombe, wakamtuma Omari, mfanyabiashara wa Mshindo aliyekuwa na lori la kwenda Dar es Salaam. Mechi imekwisha, meza imetandikwa kitambaa, lori la Omari likafika. Omari akashuka mikono mitupu. Akasema kombe halikupatikana, akapanda, akaondoka. "Kombe yetu aliila," Mzee alisema kila mara, na kila mara sauti ilimpanda. "Mimi ndiyo nilisema wa kwanza pale uwanjani, mbele ya watu wote. Omari mwizi! Na sijajuta." Omari alikuwa ameshafariki. Mzee alikuwa bado anaitafuta "kombe yetu" kwenye kila mnada, akiamini Omari aliiuza kwa mtu, na kwamba siku moja itatoka kwenye kabati la nani sijui, ina masikio mawili na fedha yake imepauka. Wenzake wa Nyota walikuwa wanakufa mmojammoja. Alitaka waishike kabla hawajaisha, basi.

Sasa mimi nilipanga chumba Mshindo, kwa Bi Zuhura. Na Bi Zuhura alikuwa mjane wa Omari. Iringa ni mji mdogo, sikupanga iwe hivyo. Alijua ninakofanya kazi kabla sijaweka koti msumarini. Siku ya kwanza nilipomwamkia akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Kwa Kihwele hapo unakula, hushibi. Hapa utakula ushibe." Hakulitaja jina lile tena kwa miezi. Babu zake walitoka pwani, yeye alizaliwa hapohapo Mshindo na hakuwahi kuiona bahari, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Akinisikia nasema "kiti yangu" alifumba macho kama mwenye jino. "Marehemu angekukosoa mpaka ulie," aliniambia. "Mji mzima huu aliusahihisha. Wakamchukia kidogo, wakamcheka kidogo, lakini mtu akitaka kuandika barua ya maana anakuja kubisha hapa."

Ijumaa ilikuwa siku ya pilau. Sebule ile nikifumba macho naiona: mkeka, redio yenye kitambaa kichwani, saa ya ukutani inayotangulia robo saa ili mtu asichelewe swala. Ijumaa yangu ya kwanza aliniambia kutoka jikoni, "Mwanangu, lete kombe kabatini." Nikalifungua kabati, nikatazama juu, nikatazama chini, nikarudi. "Bibi, sijaona kikombe kikubwa." Akacheka mpaka akakaa kwenye kibao cha mbuzi. "Kombe! Hiyo sahani kubwa. Kwetu wazee waliita hivyo, sahani kubwa ya kupakulia watu. Nyie wa bara mnajua sinia la bati tu." Nikalileta, likajaa pilau, tukalizunguka na majirani, na kuanzia siku hiyo kila Ijumaa nilisikia lete kombe, futa kombe, rudisha kombe. Na kila Jumatatu nilisikia kombe yetu, kombe iliyoliwa. Msomaji ameshanizidi akili. Mimi ilinichukua miezi saba. Kwangu yalikuwa mambo mawili yaliyogongana jina, na kichwa changu kilikuwa kimejaa Kinyakyusa na taipu.

Kombe lile aliliosha mwenyewe siku zote. Ijumaa moja ya baridi, vidole vimemvimba, aliniachia. Nikaligeuza ili nisugue mgongo wake. Kulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu ya mafuta, yamechakaa, lakini yanasomeka: NYOTA YA MSHINDO, BINGWA. Nilibaki nimechuchumaa pale bombani mpaka maji yakafurika beseni. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Alijua nimesoma.

Akanisimulia tukiwa tumeketi palepale kwenye ngazi ya jikoni. Walimwambia mumewe, "Omari, tuletee kombe." Naye, bingwa wa lugha, akaenda kutafuta kombe. Akazunguka maduka ya vyombo siku nzima hadi akapata kubwa kuliko yote, ili watu kumi na mmoja waweze kulizunguka. Akampa mchora mabango aandike. Mchora mabango akamwuliza, mbele au nyuma? Omari akasema nyuma, mbele patakuwa na chakula. Akalifunga kwa nyasi na magunia, akaliweka mapajani, njia nzima akamwachia utingo usukani. "Alipofika Uyole," Bi Zuhura akasema, "akaona mezani wamebandika picha ya gazetini. Kikombe kirefu, cha fedha, kina masikio. Akamsikia mmoja anasema, litakuwa kama hili. Mwanangu, mume wangu alikuwa mtu wa kuwakosoa wenziwe. Hakuweza kushuka na sahani. Alisema afadhali waniite mwizi, mwizi huogopwa. Mjinga huchekwa." Pesa za watu alirudisha wiki ileile, nao wakasema ndiyo ushahidi kwamba aliila. Kisha akanishika mkono kwa vile vidole vilivyovimba. "Umeona, basi. Usimwambie Kihwele. Marehemu alichagua aibu yake, mimi sina ruhusa ya kumbadilishia." Nikaapa.

Kiapo ni rahisi ukiwa jikoni. Baada ya majuma mawili tulienda Chimala, kwenye mnada wa mtu aliyefilisika, dalali mwingine, jua kali la Usangu, vumbi mpaka kwenye meno. Katikati ya matrekta na magunia ya mpunga dalali akainua kikombe cha fedha, kimepauka, kina masikio mawili. Nikamtazama Mzee. Karanga zilikuwa zimemwanguka. Alijikuna sikio, akajikuna tena, akalikamata sikio kabisa akalivuta mbele ya watu. Alikuwa amekuja na akiba yake yote, na nyumbani kulikuwa na bati za kununua kabla ya mvua. Nilijua kikombe kile si chake, hakikuwahi kuwa chake. Na nilikuwa nimeapa. Nikaikunja mikono ndani ya kanga. Dalali akahesabu mara ya kwanza, mara ya pili, Mzee akataka kunyoosha mkono wake mwenyewe, akachelewa. Kikombe kikaenda kwa mwenye baa mmoja.

Kutoka Chimala mpaka Iringa hakunisemesha. Tulipofika Miyomboni akazima gari. "Kwa nini?" akaniuliza. Nikasema, "Mzee, ile siyo yenu." "Wewe umejuaje?" Nikanyamaza. Nilikuwa nampenda mzee yule, nilimpenda kama unavyompenda mtu aliyekuonesha kazi ambayo hukujua ipo, na nikanyamaza. Akasema taratibu, "Basi Tusa, kesho usije." Niliposhuka nilikuwa na kifurushi cha mchele wa Chimala nilichomnunulia Bi Zuhura, na ndicho kitu pekee nilichorudi nacho kutoka kazini kwangu.

Bi Zuhura aliupepeta ule mchele, akisikiliza nikilia. Hakunipa pole. Alipomaliza akasema, "Umelipwa hivyo kwa ajili ya mume wangu?" Nikasema ndiyo. Akaupepeta tena, wakati ulikuwa umeshakuwa safi. Alikuwa na mpango wa kuhamia kwa binti yake Mbeya, hilo nililijua. Lakini nilidhani ni mwakani. "Chukua daftari," akaniambia. "Tunaandika vitu vyangu. Na umwambie Kihwele aje auze yeye, sitaki dalali mwingine." Tukaandika asubuhi hadi adhuhuri. Mkeka, mmoja. Saa ya ukutani, moja, inatangulia. Tulipofika kabatini nikasita, nikamwuliza niandike sahani kubwa? Akanyoosha mgongo. "Halina jina? Andika jina lake."

Mzee Kihwele alikuja. Kazi ni kazi, alisema, japo getini aliinamisha kichwa kama anaingia chumba chenye dari fupi. Miaka yote ile hakuwahi kulivuka geti lile. Hakunitazama. Uani palijaa watu, baadhi yao wazee waliocheza naye. Alivua kofia, akapiga kengele, akaanza kuisoma orodha yangu kwa ile sauti yake ya kumfikia mtu wa mwisho. Kitanda. Meza. Sufuria. Saa. "Kombe, mo..." Akakata. Akaisogeza karatasi karibu na macho. Nikamletea sahani, nikaiweka mezani. Watu wakacheka. "Tusa," akaninong'oneza, na hasira yote imemtoka, "umekosea kuandika hapa. Kombe iko wapi?"

"Hajakosea," Bi Zuhura alisema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwisho ambacho hakijauzwa. Akainuka, akaja pole pole, akaligeuza kombe kwa mikono yake miwili, akamwonesha mgongo. "Mlimwagiza kombe. Mume wangu akaleta kombe."

Mzee alisoma. Midomo yake ilisogea kama ya mtoto wa darasa la kwanza, herufi kwa herufi, halafu akarudia tangu mwanzo. Nilimwona akifika pale, kwenye meza ya Uyole na ile picha ya gazeti, nikamwona akielewa. Akageuka kwa watu. "Nyie mliokuwa uwanjani siku ile, na nyie mliosikia kwa wenzenu. Mimi ndiyo nilisema Omari mwizi. Nilisema wa kwanza. Omari alileta kombe." Akaligusa kombe ukingoni. "Alileta, mimi ndiyo sikujua Kiswahili." Kisha akamgeukia mjane wa Omari, akapiga magoti palepale vumbini, mzee mwenye magoti mabovu vile. Bi Zuhura alimtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa ileile iliyopigwa pasi. "Inuka, dalali. Uza, jua linapanda."

Akainuka, akanikabidhi kengele. "Kwa kitu hii moja," akawaambia watu, "mimi siyo dalali." Akaenda kusimama katikati ya wanunuzi. Hivyo ndivyo nilivyouza kitu changu cha kwanza. Nilipouliza nani anaanza, akanyoosha mkono wake wote juu, hakujikuna sikio. Jamaa mmoja nyuma, mgeni, alitaka kupandisha dau, jirani akamshika kiwiko akamshusha. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nilipiga kengele kwa nguvu hadi ulimi wake ukachomoka. Bi Zuhura akasema kombe haliondoki tupu kwenye nyumba yake. Akaazima sufuria kwa mtu aliyekuwa ameshainunua, akapika ule mchele wa Chimala, na wazee wa Nyota, saba waliokuwepo, wakalizunguka kombe lao kwenye ua uliokwisha kuuzwa kila kitu. Nilipomwekea Mzee Kihwele maji ya kunawa akaniambia, "Kesho uje mapema, kuna matangazo ya kupiga."

Makorokoro mengine yote aliyahifadhi ukutani, kombe lile akalitumia. Kila mwaka aliita waliobaki, wakala pilau, kwanza saba, baadaye wanne, wawili. Bi Zuhura aliletwa kutoka Mbeya mara mbili kabla hajatutoka, akakaa mahali pa mgeni wa heshima akiwakosoa Kiswahili. Mimi nilifungua banda langu Uyole, na miaka ya mwisho tulikuwa mimi na Mzee tu, tunakula upande mmoja. Baada ya kula aliliosha na kulirudisha mwenyewe, sikuwahi kuruhusiwa.

Ndiyo maana sikuwa nimekiona kikaratasi chake. Jumatatu ile, nilipolinyanyua kombe kutoka juu ya kabati, kilikuwa chini yake, kina uzi wake, hakijafungwa popote, maana sahani haina pa kufungia uzi. Mwandiko uliolala. Nilidhani nitakuta jina lake na bao lake. Kimeandikwa: "Aliyelileta: Omari. Aliyemsingizia: mimi. Aliyenyamaza: Tusa."

Nilikaa juu ya kitanda cha marehemu mpaka Rehema akarudi kunichungulia. Nikafuta uso, nikaandika kwenye daftari: Kombe, moja. Kwenye nafasi ya hali ya kitu nikaandika limetumika, na kwenye nafasi ya bei nikachora mstari. Kisha nikalipangusa kwa kanga na kwenda nalo jikoni, kwa sababu watu walikuwa wengi na masinia hayakutosha.